Mkuki wa Manila na Mpini wa Dekio

Usiku wa kuamkia leo ndoto ilinirudisha siku ile aliyoondoka kaka yangu Gaudensi, na wala haikuniomba ruhusa.

Ni Jumanne, mchana. Mwili bado uko chumbani. Sisi wanawake tumeketi mkekani, na wageni wanaingia kutoa pole. Wa kwanza kuingia ni ngao. Nyuma yake kuna mapanga, kofia za askari na mikuki, vyote vya karatasi, vyote kazi ya mikono ya Gaudensi. Vinavua viatu mlangoni. Ngao inanipa mkono na kusema, "Pole sana, dada Editha. Amepumzika."

"Amepumzika vipi?" nikaiuliza. "Kaacha mkuki haujaungwa mezani, halafu unaniambia amepumzika?"

Ngao ni kitu chenye upande wa mbele tu. Ukiiuliza swali la maana haina pa kulitoa jibu.

Niseme wazi jambo lenyewe, maana hata ndotoni nilikuwa namweleza kila aliyeketi. Kila Ijumaa Kuu kigango chetu, huku nje ya Songea, huigiza Mateso ya Bwana. Silaha za askari wa Kirumi alizitengeneza Gaudensi, kwa karatasi za manila na mifuko ya saruji. Mwaka huu alitaka mkuki mpya wa yule askari anayemchoma Bwana ubavuni. Alivichora vipande vyote, homa ikamchukua kabla hajavikata. Baada ya mazishi nikachukua mkasi nikasema nitaumalizia mimi, mimi ambaye maishani sijawahi kukunja hata bahasha. Mwenyekiti wa maigizo, Mama Mbawala, akaniambia kwa upole nisijisumbue. Mkuki usipokuwa tayari, watatumia mpini wa dekio.

Mpini wa dekio! Kitu cha kudekia sakafu ya kanisa ndicho kimchome Bwana!

Basi ndotoni Mpini huo unaingia. Umevaa suti. Kichwani bado una matambara yake, na matambara yanadondosha maji mkekani. Unapita katikati ya waombolezaji bila kumsalimu mtu, unakwenda kuketi kwenye kiti cha Gaudensi.

"Hicho kiti kina mwenyewe," nikasema.

"Kilikuwa na mwenyewe," ukajibu Mpini. "Mimi nimeteuliwa. Usinichukie, dada. Mimi ni mti halisi. Sikunjiki."

"Unamwaga maji kwenye msiba wa watu."

"Ni machozi."

Nikamgeukia Mama Mbawala, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu anachambua mchele. "Unasikia uongo huo?"

"Jamani, Editha," akasema, "si ameshasema ni machozi?"

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba mkuki nauunga sasa hivi, kabla mtu hajaonja hata ugali. Meza ya Gaudensi ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, isipokuwa sasa ilikuwa uwanjani. Juu yake ilikaa sufuria ya gundi ya unga wa muhogo, imevaa miwani.

"Leta kipande cha kwanza," ikasema Sufuria. Nikaleta.

"Leta cha pili." Nikaleta.

"Viunganishe."

Nikavisogeza. Vikagusana, vikaachana, vikalala mezani kila kimoja upande wake, kama abiria wasiojuana. Nikavisogeza tena. Vikaachana tena.

Sufuria ikavua miwani. "Kingo za gundi ziko wapi?"

Kuzunguka kila kipande Gaudensi alikuwa amechora ukingo mwembamba wenye mistari ya mshazari. Ukingo huo ndio hupakwa gundi, ukaingia ndani, usionekane tena. Mimi sikuambiwa. Nilidhani ni mabaki, kama kitambaa kinachozidi mkasi unapopita.

"Nilizikata," nikasema.

"Zote?"

"Zote. Na nilizikata vizuri, hakuna hata mmoja uliopinda."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zimezidi! Kama zilikuwa na kazi, mbona mwenye kazi hakuandika? Anajua kuchora mistari ya mshazari, hajui kuandika neno moja, 'usikate'?"

Sufuria ikawageukia waombolezaji, ikatangaza kwa sauti ya katibu wa kata: "Kisicho na ukingo wa gundi si ndugu wa kitu chochote."

Tangu hapo ikawa sheria. Watu wanainua mikono ya nguo zao kujikagua. Kila mmoja ana ukingo wake mwembamba ubavuni, wenye mistari ya mshazari, na kila mmoja anamwegemea mwenzake na kunata. Shangazi ananata na shangazi. Ngao inanata na kofia. Hata Mpini wa Dekio umepata binamu, fagio la chooni.

Nikafunua kanga yangu. Ubavu wa kulia, upande ambao Gaudensi alizoea kuketi tukila, nilikuwa nimekatwa. Nimekatwa safi kabisa, kwa mkasi.

"Nani amenikata?" nikauliza. "Mimi ni mdogo wake! Tumelala mkeka mmoja, tumechapwa kwa fimbo moja!"

"Inasikitisha," ikasema Sufuria. "Lakini ushahidi ni ukingo. Kamuulize mwenyewe, akuandikie."

Nikauchukua mkasi nikaondoka kwenda makaburini, maana ndotoni alikuwa chumbani na kaburini kwa pamoja.

Njia ya makaburini, ambayo nimeipita tangu utoto, ilikuwa mstari wa vidoti. Na kanuni ya kazi hii hata mimi naijua: mstari mzima hukatwa, mstari wa vidoti hukunjwa. Hakuna mahali paliposema hutembewa. Nikashika ncha ya njia nikaikunja. Shamba la Mzee Luoga likainuka likawa mlima, mihogo yote ikaelekea juu. Nikaona nimekosea, nikakunja upande wa pili, likazama likawa bonde, na mbuzi wake wote wakateleza hadi chini.

"We mama!" akaita Mzee Luoga kutoka ukingoni. "Umekunja kinyume!"

"Nisamehe, baba. Ndiyo naanza kujifunza."

"Mtu anajifunzia kwenye shamba la mwenzake? Kwako hakuna shamba?"

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Njia ilikuwa imekunjika, na kaburi limeshanifikia miguuni.

Kaburi lilikuwa la manila, jeupe. Kulizunguka kulikuwa na mstari mzima, usio na kidoti hata kimoja. Mkasi ukafunguka wenyewe mkononi mwangu. Nilikuwa na haki. Mstari ni mstari. Ningekata, ningefunua, ningemuuliza, naye angejibu.

Lakini juu ya kaburi amelala Kihwele, kofia ya Kirumi ya Gaudensi kichwani.

Kihwele ni jirani yetu, Mhehe. Babu zetu Wangoni walipigana na babu zake kwa mikuki ya chuma, na katika vita vile kilichobaki ni utani. Kwa hiyo Mngoni akifa, Mhehe huja msibani kufanya mzaha, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Siku ya mazishi, mazishi ya kweli, Kihwele alivaa kofia hiyohiyo akazunguka uwanja akikohoa kama Gaudensi, akiwafokea askari wasiokuwepo: "Shika mkuki, huo si mwiko wa ugali!" Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi sikucheka. Tangu siku ile sijamsemesha, na hilo nalo haliruhusiwi.

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Nakata."

"Kata tu. Ila utaanzia tumboni kwangu, na humo mna maharage ya msiba wenu. Wangoni mnapika maharage magumu, kama mnatuwinda."

"Kihwele, leo sina utani."

"Utani ungekuwa unachagua siku, Mngoni, ungekuja kwenye harusi tu."

"Namtaka kaka yangu aniambie namna ya kuunga mkuki wake. Nikishindwa watatumia mpini wa dekio. Mpini wa dekio, Kihwele!"

"Lo! Babu zenu walikuja na mikuki ya chuma tukawafukuza. Leo mjukuu wao anashindwa na karatasi!"

"Mlitufukuza lini? Si nyinyi mlikimbia mkaacha hata vyungu jikoni?"

"Haya! Hiyo ndiyo sauti ya Editha. Nilidhani mliizika pamoja na marehemu."

Akaketi, akavua kofia. Bila kofia aliongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Mkuki wake wa kwanza, Gaudensi alikata kingo zote. Zote, kama wewe. Nilicheka hadi nikakaa chini. Akanitukana tusi ambalo siwezi kulisema juu ya kaburi lake. Kisha akakata utepe kwenye mfuko wa saruji, akaubandika kwa ndani, nusu huku nusu huku. Mkuki ukashika."

"Mwongo. Gaudensi hakuwahi kukosea kazi ya mikono."

"Hakuwahi kukosea mbele yako. Wewe ni mdogo wake. Mimi ni mtani wake, angenificha nini?"

Nikakasirika kuliko siku zote za msiba huu. Kumbe kulikuwa na Gaudensi mwingine, anayekosea na kutukana, na aliyepewa huyo ni Mhehe. Mimi dada wa damu nilipewa yule asiyekosea, na huyo ndiye niliyekuwa namlilia peke yake.

"Mama," ukasema mkasi, "tunakata au hatukati? Nimechoka kukaa wazi."

Nikamtazama Kihwele. Hakuwa akicheka. Alikuwa amelalia kaburi lile kwa uzito wake wote, kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe.

"Hatukati," nikasema.

Mstari wa kaburi ukaanza kuachia nafasi, ukawa vidoti, kimoja baada ya kingine, nikaamka.

Majogoo wa jirani walikuwa wameshanyamaza. Nikaenda chumbani kwa Gaudensi bila kunawa uso. Silaha zake ziko nyuma ya mlango. Nikautafuta mkuki wa zamani kuliko yote, ule uliofifia rangi hata hauchukuliwi tena kwenye maigizo, nikauweka kitandani kwake, nikapenyeza kisu kwenye kiungo chake kimoja, taratibu, kadiri ya upana wa kucha.

Ndani palikuwa na utepe wa mfuko wa saruji, wa kahawia, nusu huku nusu huku. Na manila, pande zote mbili, haikuwa na ukingo. Ilikatwa vizuri sana.

"Na wewe!" nikamwambia Gaudensi, kwa sauti, peke yangu chumbani. "Miaka yote hiyo!"

Nikakirudisha kiungo mahali pake. Kisha nikavuka uwanja kwenda kwa Kihwele, nikamwomba mfuko wa saruji. Akasema Wangoni siku hizi wanavamia kwa kuomba. Nikamwambia alete haraka, Mhehe hajawahi kuwa na kitu cha kujivunia zaidi ya mfuko mtupu. Akaleta miwili.

Mkuki umeshaungwa. Sasa umelala juu ya meza. Kwa mvua za msimu huu gundi ya muhogo haikauki upesi, kwa hiyo hauguswi mpaka kesho.