Nguo ya Uji wa Shayiri

Naapa kwa jambia la mungu Ashuri, lile linalowekwa mezani hekaluni mtu anapotoa ushahidi: haya yote yalitokea, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, wala sikuongeza hata chumvi ya kuonjea. Nyinyi wasichana endeleeni kuchana sufu. Mikono iwe kazini, masikio niachieni mimi.

Hapa hapa mjini Ashuri palikuwa na mfumaji aitwaye Nuhshatu. Akifuma nguo, wafanyabiashara walikuja kuipapasa wakaondoka bila kusema neno, kwa kuogopa bei isipande. Alijua kusoma na kuandika kwenye udongo kama karani, na muhuri wake mwenyewe aliuning'iniza shingoni. Jina lake lilijulikana Kaneshi, huko juu milimani, siku arobaini na tano kwa mwendo wa punda, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu.

Kaneshi ndiko alikoishi mumewe, Buzutaya, akiuza nguo anazofuma mkewe. Na kama wanaume wengi wa biashara ile, alikuwa na mke wa pili hukohuko. Desturi yetu mnaijua: mmoja huku, mmoja kule, ilimradi wasikutane. Nuhshatu hilo halikumkosesha usingizi.

"Sasa nani amkorogee uji huko, punda?" aliwaambia mashoga zake. "Mwacheni apate mtu wa kukorofishana naye."

Kilichomkosesha usingizi kilikuja mwanzoni mwa kiangazi, kibao cha udongo ndani ya bahasha yake ya udongo. Aliivunja bahasha kwa kisigino cha mchi, akasoma huku amesimama.

"Nguo ulizotuma zimefika. Ni nzuri, lakini nzito. Hatala, mke wangu wa huku, hufuma nyepesi kuliko zako. Jitahidi ufume kama zake."

Akakisoma tena. Kisha akaketi. Kuletewa mwenzie nyumbani angevumilia. Kuletewa mwenzie kwenye mtande wake wa kufumia! Kijiba cha roho kikamkaa papo hapo, chini kidogo ya koo, na hata maji hayakuweza kukishusha.

"Nifume kama zake," alimwambia jirani yake, Mama Ikunu. "Mimi! Huyo anayevaa ngozi za mbuzi!"

"Umemwona?"

"Sina haja ya kumwona. Nasikia harufu yake kutoka hapa."

Basi mkono wa mwenye wivu haukosi kazi. Nuhshatu alichagua sufu iliyo nyeupe kuliko zote akaisokota, lakini hakuikaza. Uzi ulikuwa legelege, hata pumzi ingeukata. Akaufuma, akaushikiza kwa uji mzito wa shayiri, akakausha juani, akaupiga pasi kwa jiwe la mto mpaka ukang'aa. Nguo ikatoka nyepesi kama ngozi ya kitunguu, yenye upindo mwekundu, nzuri kuliko chochote alichowahi kufuma. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ikiguswa na maji, uji ungeyeyuka na nguo nzima ingefumuka vipande vipande.

Na Kaneshi, kila mtu anajua, theluji huanguka hata wakati ambapo mtu hajaiomba.

Akaandika kibao: "Nguo yenye upindo mwekundu ni zawadi ya Hatala. Aivae siku ya sikukuu, uani, mbele za watu." Akakifunika kwa bahasha ya udongo, akabingirisha muhuri wake juu yake, na nguo akaiweka juu kabisa ya mzigo wa punda wa kwanza. Msafara ukaondoka. Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya tano Mama Ikunu alikuja kuazima chungio, na katika kuongea habari za hapa na pale akasema, "Ile yenye upindo mwekundu nilivyoiona ikitoka! Sijui huko kwa mfalme nani ataivaa."

"Kwa mfalme? Ile ni ya Hatala."

"Ee, shoga, umesahau? Mizigo ikifika Kaneshi haiendi kwa wenyewe. Inapanda kwanza kwenye jumba la mfalme, ikafunguliwe, na wao wanajichagulia zile nzuri. Ndiyo haki yao. Ile ya juu kabisa malkia ataiachaje?"

Nuhshatu, aliyetuma mizigo miaka kumi na miwili! Desturi ile aliijua kama vidole vyake. Lakini kwa mwezi mzima alikuwa anamwona Hatala tu, Hatala analowa, Hatala anafumukiwa, watu wanamcheka Hatala. Hakubakiza jicho la kumwona malkia.

Malkia akivuliwa nguo na theluji mbele ya wazee wa mji, Buzutaya angetiwa kifungoni. Lakini nisiwafiche: si hilo lililomchoma kwanza. Kwenye kila mzigo palikuwa na muhuri wake. Jina alilolijenga kwa miaka kumi na miwili lingekuwa kichekesho, na Hatala angebaki mfumaji pekee wa kusifiwa.

Siku ya pili yake akajiunga na msafara wa mwisho wa mwaka. Ndugu zake wakamshika nguo. "Desturi hairuhusu wake wawili mji mmoja!"

"Desturi nitaiomba radhi nikirudi," akasema, akampanda punda mweusi.

Sitawachosha na njia; msafara wake ulikuwa mwepesi, ukafidia siku zilizopotea. Alivuka mito akielea juu ya viriba vya ngozi, akalala juu ya mawe, na kwenye genge la mwisho la mlima punda wake alikataa kwenda, ikabidi Nuhshatu ambebe yeye. Mnacheka? Nimekwisha kuapa.

Alipofika Kaneshi mizigo ilikuwa imepanda kwa mfalme asubuhi ile ile. Akauliza nyumba ya Buzutaya, akapiga hodi. Akafunguliwa na mwanamke mfupi, mnene, mwenye unga hadi viwikoni.

"Buzutaya yuko?"

"Kapanda na mizigo. Wewe nani?"

Nuhshatu alikuwa amejitayarisha kumkuta mwanamke mwembamba kama swala. Akafurahi kidogo. Kisha akaona mtandio begani kwa yule mwanamke. Ulikuwa mwepesi, umekazwa vizuri, hauna uji wala hila. Wivu uliokuwa umechoka kwa safari ukaamka, ukajinyoosha.

"Natoka Ashuri," akasema.

Mwenyeji akaweka mikono kiunoni, unga na wote. "Aaa. Ndiye wewe, Hainiwashi."

"Nani?"

"Ndilo jina nililokupa. Miaka minne! Nikifuma, mume wetu husema, 'Ya Nuhshatu hainiwashi.' Nikitia rangi, 'Ya Nuhshatu haichuji.' Nimekuchukia, dada yangu, mpaka nimekonda."

"Umekonda wapi?" likamtoka Nuhshatu.

Hatala akamkazia macho, kisha akacheka mpaka unga ukapeperuka. Nuhshatu hakucheka. Alikuwa na neno la kusema, na neno lenyewe lilikuwa chungu kama nyongo.

"Kuna nguo kwenye mizigo, ina upindo mwekundu. Nilikuwa nimekutumia wewe."

"Zawadi?"

"Si zawadi. Ikilowa inafumuka."

Hatala akaacha kucheka. "Ulitaka nibaki uchi? Sikukuu? Mbele ya wifi zangu?"

"Ndiyo."

"Hata mama mkwe?"

"Yeye hasa."

"Ningekuwa na akili hiyo," Hatala akasema polepole, "ningekuwahi." Akatazama nje. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mapaa kama kuku anayeatamia. "Na sasa iko kwa malkia. Akiaibishwa yeye, hii nyumba itavunjwa, na mimi nimo ndani."

Akaingia chumbani, akarudi na furushi. Alilifungua pole pole, kama mtu anayeonyesha kidonda. Ilikuwa nguo ya rangi ya asali, aliyoifuma miaka minne, kidogo kidogo, kwa ajili ya siku moja tu: siku Buzutaya atakapoona na kukubali kwamba Nuhshatu kashindwa.

Nuhshatu akaipapasa. Akatafuta kosa. Akageuza upande wa nyuma, akahesabu nyuzi, akavuta pembe. Hakupata. Machozi yakamlenga, na hayakuwa ya shukrani.

Wakapanda mbio mpaka kwenye jumba. Uani, malkia alikuwa ameketi katikati ya marobota yaliyofunguliwa, na Buzutaya kando anatabasamu meno yote. Nguo yenye upindo mwekundu ilikuwa tayari imelazwa mapajani mwa malkia. Buzutaya alipowaona wake zake wawili wamesimama bega kwa bega, tabasamu likamkauka kama uji juani.

"Mama malkia," Nuhshatu akasema huku akihema, "hiyo imepakiwa kwa makosa. Yako ni hii."

Malkia akazitazama zote mbili. "Lakini hii nyeupe inang'aa zaidi."

Theluji ikaanza. Chembe moja ikatua kwenye upindo, ikayeyuka. Palepale uzi ukalegea, ukajikunja kama mnyoo. Ikatua ya pili. Malkia akavuta kwa kidole, na shimo la ukubwa wa ngumi likafunguka.

Malkia akaishika ile ya rangi ya asali, akaiacha theluji iangukie juu yake, akaikung'uta. Hakuna kilichotokea.

"Hii nani kafuma?"

Hapo, wajukuu zangu, ndipo safari yote ilipoonekana fupi kuliko neno moja. Hatala alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa, hajawahi kusema mbele ya malkia. Nuhshatu angeweza kusema "Mimi." Muhuri wake ulikuwa shingoni. Buzutaya, kwa hofu yake, angeapia. Akafungua kinywa, na neno lile tamu likaja mpaka kwenye ncha ya ulimi, likakaa pale likimsubiri.

"Hatala," akasema. "Huyu hapa. Mimi siwezi kufuma hivyo. Bado."

"Na hii iliyooza?"

"Mimi."

Malkia akamtupia matambara yake kifuani, watu wakacheka, na Hatala akapewa kiti. Buzutaya hakufungwa. Lakini nadhani kifungo kingemfaa zaidi kuliko baridi ile, maana njia za milimani zilizibwa na theluji na wake zake wakakaa nyumba moja hadi masika. Waliweka mitande yao ikitazamana. Mmoja akiongeza mstari, mwenzie anaongeza miwili. Hakuna aliyemsifu mwenzie hata siku moja, na kila mmoja aliamka alfajiri kwenda kuchungulia nyuzi za mwingine. Wivu haukuwaishia, waliufunga nira, ukalima. Nuhshatu alirudi Ashuri anajua kusokota kwa namna ya milimani, ndiyo hiyo mnayofundishwa hapa leo, na mpaka anakufa alikuwa akiitaja Kaneshi anakunja uso.

Nami nilikuwepo. Ndimi niliyeshika kamba za punda pale uani, theluji ikaniingia shingoni.

"Babu Hanunu," akasema Bibi Ahatu kutoka pembeni, bila kuinua macho kwenye sufu yake. "Malkia huyo alifariki kabla mama yangu hajaota meno. Wewe na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Ulishika kamba kwa mkono upi?"

Wasichana wakaacha kazi wote.

"Wa... wa kushoto."

"Na umeapa kwa jambia."

"Kamba tu ndiyo niliongeza! Mengine ni kweli!"

"Na punda kubebwa?"

Nikatazama mlango. Mama mmoja alikuwa amekwisha kukaa mbele yake, na makapu matatu ya sufu chafu, yenye miiba na mavi ya kondoo, yakasukumwa mpaka magotini pangu, faini ya kiapo changu.

Nikakunja mikono ya kanzu. Nipeni basi hicho kitana.