Neno Lililomshinda Mwalimu Anselmo

Neno lenyewe liliwachekesha kabla hawajajua maana yake. Mwalimu Anselmo aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, homofobia, na alipogeuka aliwakuta watu wa semina wakitikisika mabega. Mchungaji Chilumba, mwenyekiti wao, akauliza kwa sauti ya upole iwapo hiyo ilikuwa dawa ya mikorosho au ugonjwa wa kuku. Hapo ukumbi wa kanisa, pale Nachingwea, ukapasuka kwa kicheko, na Anselmo mwenyewe akacheka nao.

Waraka uliowakutanisha ulitoka kwa kanisa rafiki la ng'ambo. Uliwaomba wenzao watafakari jinsi wanavyoishi na wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, na neno lile lilirudiwa humo karibu kila ukurasa. Anselmo, mzee wa kanisa na mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi, ndiye aliyepewa kazi ya kuutafsiri. Sentensi nyingine zote zilimtii. Neno lile moja alikuwa ameliacha liingie ukumbini na nguo zake za ugenini.

Akaeleza alichokijua. Mwisho wa neno ni Kigiriki, maana yake hofu. Lakini watumiaji wa siku hizi huliongezea chuki, na kutengwa, na mambo mengine.

"Basi tuchague," alisema Chilumba. "Ni hofu au ni chuki? Maana mimi simwogopi mtu, wala simchukii mtu. Nasoma kilichoandikwa. Mtu akisema ulevi ni dhambi, hatumwambii anaugua woga wa pombe. Neno hili halijibu hoja yangu, Mwalimu. Linanipeleka hospitali."

Hoja ilikuwa na uzito, na Anselmo aliuona. Alikwisha kusoma mabishano ya kutosha kwenye simu yake kujua kwamba neno hilo hutumiwa wakati mwingine kama gunzi la kuzibia chupa: likishapachikwa mdomoni mwa mtu, hakuna tena anayetaka kujua alikuwa akisema nini. Chilumba hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa.

Aliyesimama baada yake ni Mama Teofila, mwimbaji wa sauti ya tatu, mwanamke ambaye kwa kawaida alisikika anapoimba tu. Akasema yeye Kigiriki hakijui. Alitaka kujua jambo moja.

"Yule mwalimu wetu wa kwaya, Jonasi. Siku tulipokuta chumba cha kinanda kimefungwa kwa kufuli jipya, na hakuna aliyemwuliza kitu. Ile tuiite nini, Mwalimu?"

 Anselmo akahisi macho yakimpanda kama siafu. Alikuwamo katika kikao kilichoamua lile kufuli. Uvumi ulisema Jonasi na rafiki aliyepanga naye chumba walikuwa zaidi ya marafiki, na uvumi ule ulitosha kuwa ushahidi, hakimu na hukumu.

"Ile ilikuwa nidhamu ya kanisa, mama," alijibu. "Haihusiani na neno hili."

Mama Teofila akaketi. Chilumba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na wakati wa chai akamvuta Anselmo kando. Alimweleza kwamba jina lake lilikuwa limeshatajwa mbele ya wakubwa kwa kazi ya katibu wa elimu ya kanisa, kwamba kilichobaki ni tafsiri fupi ya neno lile iingie katika tamko la semina: neno la kejeli, watumialo wapinzani wa Maandiko kuwanyamazisha waumini. Anselmo aliona imekaa vizuri. Aliahidi kuinyoosha lugha tu.

Kikombe kilikuwa bado mkononi simu ilipoita. Alikuwa Mwanabibi, jirani wa Getruda kule Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Getruda alikuwa amefariki alfajiri.

Anselmo akakiweka kikombe dirishani. Alipopangiwa shule ya kwanza maishani mwake, kijana asiyejua hata kupika ugali wa muhogo, Getruda mjane ndiye aliyempa chumba. Alimfulia alipougua, akamgombeza alipochelewa kurudi, na kwa kuwa kaka zake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, akamtangaza kijijini kuwa ni kaka yake. Halikuwa jambo dogo. Kwa Wamwera mtoto anaweza kukosa baba akaishi. Asiye na mjomba hana wa kumsemea. Mtoto wa Getruda alikuwa mmoja, mvulana mwembamba aliyejifunza noti za nyimbo kwenye magoti ya mjomba wake wa kupewa. Mtoto huyo ndiye Jonasi.

Kesho yake semina iliahirishwa ili wazike. Getruda alikuwa muumini mwaminifu na Chilumba, mchungaji wake, hangeweza kukwepa. Ndani ya gari la kanisa, walipokwisha kuupita mji wa Ruangwa na vumbi kuanza kupenya madirishani, Chilumba alizungumza akitazama mbele. Mama yule angezikwa kwa heshima zote, alisema, na mtoto hangefukuzwa, yeye Chilumba si mnyama. Ila asishike msalaba wala asipewe nafasi ya kusema.

"Na wewe, Mwalimu, kaa upande wetu. Kipindi hiki watu wanakutazama."

Anselmo aliitikia. Alijiambia kwamba anaitikia kwa sababu gari si mahali pa mabishano.

Msiba wa Getruda ulikuwa na pande mbili hata kabla ya kuuliza ni wa nani. Mbele ya nyumba, juu ya mikeka, walikaa majirani Waislamu: wazee wa kofia, akina mama pamoja na Mwanabibi wakichambua kunde, vijana waliotoka kuchimba kaburi wakiwa bado na udongo mwekundu miguuni. Ng'ambo ya uwanja, kwenye kivuli cha mikorosho, walisimama watu wa kanisa. Walikuwa wamevaa vizuri, wameshika vitabu vya nyimbo, na hakuna aliyekuwa ameketi. Sahani za chakula zilizopelekwa kwao zilikuwa zimewekwa juu ya gogo zikiwa zimefunikwa, maana ilisemekana aliyepika ni Jonasi.

Anselmo akaenda mikoroshoni.

Jonasi alimwona. Alitoka mlangoni akiwa na kanga ya mama yake begani, amekonda, nywele zimeanza mvi za mapema. Siku hizi alikuwa fundi cherehani mjini Ruangwa. Akaukata uwanja peke yake, watu wa pande zote mbili wakimtazama, akafika, akainama na kunyoosha mikono yote miwili kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

Baadaye Anselmo angejaribu kujidanganya kwamba hakuwahi kuamua. Na kweli hakuamua. Kabla ya kuitazama mikono ile, shingo yake ilikuwa imeshageuka kumtafuta Chilumba. Ilikuwa shingo ya mtoto mwizi. Alipoirudisha, viganja vyake vilikuwa vimeshika mkanda wa mfuko wake, kimoja juu ya kingine, vimekaza.

"Marahaba," alisema. "Pole sana."

Mikono ya Jonasi ikabaki hewani kitambo. Kisha, kama mtu aliyekuja kwa kazi nyingine kabisa, akaitumia kuokota jani lililoanguka kwenye kitambaa cha sahani. Akawakaribisha wote wakae, viti vipo, akarudi alikotoka. Nyuma ya Anselmo mtu mmoja wa kanisa akashusha pumzi, na pumzi ile ya kuridhika ilimchoma kuliko tusi.

Mwanabibi akamwita kutoka mikekani, bila ukali, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea.

"Mwalimu, mfiwa wako yuko huku."

Akajifanya hakusikia.

Makaburini Chilumba aliongoza vizuri. Alimsifu Getruda kwa haki, akasoma kwa sauti iliyowaliza hata wasio wa dini yake. Ilipofika zamu ya udongo wa kwanza, ambao kwa desturi humngoja mtoto wa marehemu, akainua macho, akayapitisha juu ya kichwa cha Jonasi kama vile pale pana kichaka, akasema, "Mwalimu Anselmo, kwa niaba ya familia."

Jonasi alikuwa hatua moja kutoka ukingoni, tayari ameinama. Anselmo angeweza kusema, mwenyewe yupo. Yalikuwa maneno mawili, ya Kiswahili chepesi, yasiyohitaji mtafsiri. Akainama, akachota udongo, akatupa. Ulipogonga jeneza alisikia watu wa kanisa wakianza kuimba, na katika wimbo ule akatambua mpangilio wa sauti. Ulikuwa wa Jonasi. Walikuwa bado wanauimba.

Jonasi akajinyoosha taratibu.  Mzee Yunusi, mkubwa wa wachimbaji, akamtazama kidogo, akampa koleo lake, akachukua jembe la mwenziwe. Basi yule aliyenyimwa konzi moja ya udongo akalifukia kaburi la mama yake na Waislamu wa Mandawa, shati limelowa, mpaka tuta likainuka.

Gari la kanisa lilipopiga honi, Anselmo alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa akifulia Getruda. Mtu akifumaniwa hutamani ardhi impasukie. Yeye hakufumaniwa na yeyote, maana wote walikuwapo na wote walimwona, na wa upande wake walimpongeza kwa macho. Aibu yake haikuwa na pa kuegemea. Akakumbuka Chilumba alivyouliza, ni hofu au ni chuki, na alivyosema kwamba hamwogopi mtu. Alitafuta chuki ndani yake kwa uaminifu, kama mtu anayekung'uta nguo, na hakuipata. Alichokipata ni kile kipande cha Kigiriki. Wala hakikuwa hofu ya Jonasi. Kilikuwa hofu ya mikorosho ile na waliosimama chini yake.

Jonasi akatokea na ndoo ya maji, akamkuta.

"Gari linakungoja, mjomba."

"Jonasi, mimi sikuchukii."

"Najua." Akaitua ndoo. "Ungekuwa unanichukia ningejua pa kukuweka. Mama alikuwa ananiuliza kila Jumapili, mjomba wako hajapita? Namwambia yuko safari. Mpaka juzi usiku nimemwambia yuko safari."

  Anselmo akauliza kama anaweza kubaki kwa matanga.

"Mkeka haufukuzi mtu," Jonasi alisema, akainua ndoo yake, akaenda.

Honi ikalia tena, ikakata tamaa. Anselmo akakaa mwisho wa mkeka, karibu na Mzee Yunusi, ambaye alisogea kumpa nafasi na kuendelea na mazungumzo ya bei ya ufuta. Hakuna aliyemshukuru kwa kubaki. Jonasi alipita mara kadhaa akihudumia wageni, akampa naye chakula chake kama alivyowapa wengine, wala si kwa chuki wala si kwa upendo, na Anselmo akala kila tonge.

Asubuhi simu yake ilikuwa na ujumbe wa Chilumba. Kamati ingekutana mchana. Tafsiri ya neno ilikuwa tayari? Aliutazama muda mrefu. Akafikiria lile gunzi na ile chupa, na jinsi maelezo aliyoahidi kuyanyoosha yalivyokuwa gunzi jingine. Akajibu kwamba haijawa tayari, na kwamba wasiisome kwa jina lake. Kisha akaongeza: mwambieni Mama Teofila nitamjibu upya. Akabonyeza kutuma. Hakujiona shujaa. Alikuwa mbali na ukumbi, na kuwa jasiri kwa simu si kazi.

Uji ulikuwa ukigawiwa alipofika bibi mmoja kutoka vijiji vya ndani, fimbo mkononi, aliyechelewa kupata habari. Alikuwa amechezwa unyago pamoja na Getruda. Akawapa watu mkono mmoja mmoja, akilia kidogo kwa kila mmoja, mpaka akafika mwisho wa mkeka. Akamkazia Anselmo macho yake mabovu.

"Na huyu simjui," alisema. "Wewe ndiye nani wa huyu mtoto?"

 Hatua chache pembeni Jonasi alikuwa akimimina uji kwenye bakuli. Akausimamisha upawa, hakugeuka, akangoja naye kusikia.