Saa ya Kusema

Wakili aligeuza faili, akaweka ukucha wake chini ya mstari mmoja. "Soma hapa, dada."

Fundi cherehani aliinama. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, lakini tarakimu hazikumpa shida. Mtu anayepima viuno vya watu kutwa nzima hashindwi na tarakimu. Aliona 2:00. Mbele yake palikuwa na neno moja, kupokelewa, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu.

"Saa nane mchana," wakili akasema. "Ndivyo hospitali wanavyodai uliingia. Na mtoto akatolewa saa tisa. Yaani ulikaa saa moja tu, ukahudumiwa. Uzembe uko wapi?"

"Nilifika saa mbili asubuhi."

"Mimi nakuamini. Lakini Alhamisi hakimu ataishika karatasi hii, hatanishika mimi. Wameomba madai yafutwe. Akikubali, ndiyo basi. Hatuna pa kwenda tena."

Fundi alitaka kusema jambo, maneno yakamkwama. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mbele ya watu waliosoma ulimi wake ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Aliaga, akashuka ngazi. Njiani alihesabu vidole vyake kama mtoto. Mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Saa sita nzima za maisha yake, mtu kazifuta kwa kalamu.

Nyumbani alimkuta binti yake, Bibi Mdogo, kwenye mkeka, mito imemkinga kushoto na kulia. Walimpa jina hilo la utani kwa sababu alikuwa amefanana na mama wa fundi mpaka kwenye kidevu. Alikuwa na miaka saba. Miguu yake ilikuwa imejisokota kama uzi uliokosa mkunjaji, na shingo yake ilisimama ilipotaka yenyewe. Mtindio wa ubongo, daktari wa mazoezi alisema, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Lakini akicheka, majirani wa nyumba ya tatu walijua.

"Mama yangu, umeshindaje?" fundi akamwamkia, kwa vile mtoto alibeba sura ya bibi yake.

Bibi Mdogo akajibu kwa macho, kisha akaanza kuuvuta mkono wa mamake. Fundi alijua anachotaka. Akamwekea saa sikioni. Mtoto akatulia kabisa, mdomo wazi, anasikiliza tiki tiki ya saa kama mtu anayesimuliwa hadithi.

Ile saa ilitoka kwa baba yake. Baba alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kati ya muuza viatu na kinyozi, na ndani mlinuka mafuta ya mashine na sabuni ya unga. Baada ya shule fundi alikaa chini ya meza ya baba, akiokota skrubu zilizodondoka kwa kidole kilicholoweshwa mate. Mteja akija kuchukua saa yake, baba hakumkabidhi mara moja. Aliinua ile miwani ya jicho moja mpaka kwenye paji, akauliza, "Nikuwekee ya kusoma au ya kusema?"

Ya kusoma ilikuwa ile ya kila mtu. Mshale mfupi unaonyesha nane, nawe unajua mwenyewe kuwa ni saa mbili. Ya kusema ilikuwa ya wazee, na ya wale wasiotaka kusumbuka. Ukisema saa mbili, mshale nao uko kwenye mbili.

"Kwa nini mtu aseme hivi na saa yake imwambie vile?" baba alikuwa akisema. "Ni kuishi na mke mbishi."

Muuza viatu aliropoka kutoka upande wa pili wa ubao, "Wako si mbishi?"

"Wangu nimemzoea. Saa sijaizoea."

Nao wakacheka wote watatu, pamoja na kinyozi, wembe ukiwa hewani na mteja amefumba macho kwa hofu. Fundi alikumbuka kicheko kile vizuri kuliko alivyokumbuka sura zao. Kibanda sasa kilikuwa cha kuuza vifuniko vya simu. Baba alikuwa na miaka minne kaburini. Saa ndogo ya kamba nyeusi, aliyompa binti yake siku ya ndoa, ilikuwa ya kusema, na fundi hakuwahi kuibadilisha.

Mumewe aliingia kutoka kazini, suruali imeloa maji mpaka magotini. Alikuwa fundi bomba. Akainama juu ya mtoto na mkono wa mkewe, akaikodolea saa macho, akapiga mluzi.

"Saa tano asubuhi. Kumbe mapema hivi. Acha nirudi kazini."

Ulikuwa mzaha wake wa kila jioni, nao haukuwahi kumchosha. Ilikuwa saa kumi na moja, mshale uko kwenye kumi na moja, naye anausoma kama unavyosomwa kwenye saa za wengine. Siku zote fundi alimjibu, "Nenda, na usirudi." Leo hakujibu.

"Vipi, mama? Nimekukosea?"

"Hebu sema tena."

"Niseme nini? Saa tano asubuhi?"

Fundi aliuvuta mkono wake, akaitazama saa.

Aliliona benchi lile la kijani la hospitali, siku ya kujifungua, rangi imebanduka pale watu walipoegemea. Aliiona saa ya ukutani ya mapokezi, imekufa na mishale yake imeanguka chini kama masharubu. Alimwona muuguzi mnene mwenye sauti ya upole akishika kalamu, akitazama ukutani, akisonya. "Hebu lete mkono huo, mwanangu." Akaugeuza mkono wake kwenye mwanga. Akaandika. Fundi, uchungu umembana, hakufikiri chochote. Alikaa akatazama jua likiingia mlangoni, likatambaa vigae vyote mpaka chini ya benchi. Mara mbili baba alichungulia dirishani kuuliza, na mara mbili akajibiwa, "Mzee, mwanao si wa kwanza kuzaa." Mtoto alipotolewa hakulia. Ukimya ule fundi alikuwa nao mpaka leo.

"Ni saa yangu," akasema. "Aliandika kutoka kwenye saa yangu. Ni saa ya baba."

Mumewe alihesabu kwa vidole, mbili mpaka nane. "Basi Alhamisi utasema."

"Nitasemaje? Watasema kosa ni letu. Watasema mzee ndiye aliyemponza mjukuu wake. Wale wa zamu ya mchana wangeona mbili kwenye faili, si wangedhani nimefika sasa hivi?"

Swali hilo alilibeba siku mbili, akishona mikono ya gauni upande usio wake na kufumua. Jumatano alimpigia wakili, akamweleza yote mpaka mwisho bila kupumua.

"Dada, nisikilize," wakili akasema. "Kutoka benchi lako mpaka mlango wa daktari ni hatua ngapi?"

"Kama ishirini."

"Tangu asubuhi kuna mtu aliyezipiga?"

"Hakuna."

"Basi saa haikumzuia mtu kukutazama. Njoo nayo. Na usiiguse mishale."

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Wakili wa hospitali alimleta shahidi wake mwenyewe, ili athibitishe mwandiko. Akaingia muuguzi yule yule, sasa mstaafu, amepungua mwili lakini sauti ni ile ile.

"Sahihi hii ni yako, mama?"

"Yangu. Huo mkia hauigiki."

"Na hii 2:00 ni mwandiko wako?"

"Wangu."

Wakili wa hospitali akakaa, ameridhika. Wakili wa fundi akasimama bila haraka.

"Shikamoo, mama. Siku hiyo ulikuwa zamu gani?"

"Marahaba. Ya asubuhi."

"Iliisha saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Na mimi nilikuwa sichelewi kutoka, waulize wenzangu."

"Basi saa nane mchana ulimpokeaje mgonjwa, na ulishakwenda nyumbani?"

Muuguzi akajisogeza mbele. Alilitazama faili, kisha akamtazama fundi kwa mara ya kwanza. Hakimu akaacha kuandika.

"Saa ya mapokezi ilikuwa nzima?" wakili akauliza.

"Ile ilikufa kabla sijaajiriwa. Tulikuwa tunaazima mikono ya wagonjwa."

Fundi alisimamishwa. Alivua saa, akaiweka juu ya meza ya hakimu. Ilikuwa saa tatu na nusu, na mshale mfupi ulikuwa kati ya tatu na nne. Hakimu aliitazama, akatazama saa yake mwenyewe, akatazama tena.

"Hii saa ni mbovu?"

"Si mbovu, mheshimiwa." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni ya kusema."

"Ya nini?"

Hapo ulimi ulifunguka, labda kwa sababu hakuwa anajieleza yeye, alikuwa anamweleza baba. Alisimulia kibanda, miwani ya jicho moja na swali alilouliza kila mteja. Wakili wa hospitali alicheka kidogo. Akasema mishale huzungushwa, hata jana usiku inaweza kuzungushwa. Muuguzi mstaafu akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kusema, mheshimiwa. Saa hiyo naikumbuka. Niliandika nilichokiona, nikashangaa moyoni, mbona mbili nayo ndiyo kwanza chai inapita. Nikasema nitasahihisha baadaye." Akamgeukia fundi. "Sikusahihisha. Na binti yule sikurudi kumtazama. Nisamehe, mwanangu."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema madai hayafutwi, yatasikilizwa yote, tangu saa mbili asubuhi. Aliitamka polepole, na karani akairudia akiandika, saa mbili asubuhi. Hakukuwa na fidia bado, wala kiti cha magurudumu, wala daktari wa mazoezi wa kila wiki. Lakini zile saa sita zilikuwa zimerudishwa mahali pake.

"Na hiyo saa itabaki hapa," karani akasema, akiitia kwenye bahasha. "Ni kielelezo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Fundi aliitazama bahasha ikibandikwa. Alitaka kumwomba karani aitie ufunguo kila asubuhi, maana baba hakupenda saa ilale. Aliona haya, akatoka.

Nyumbani Bibi Mdogo aliuvuta mkono wake kama kawaida. Akauweka sikioni, akasubiri. Uso ukaanza kukunjamana. Pale mkononi palibaki alama nyeupe ya kamba tu.

"Babu ameiazima, mama yangu," fundi akasema. "Ameipeleka kutusemea."

Kisha akalala ubavuni kwake mkekani, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, akaanza kugonga ulimi kwenye meno, polepole, bila kuruka hata mpigo mmoja, kama alivyokuwa akisikia chini ya meza ya baba. Mumewe alisimama mlangoni, suruali imeloa, akasikiliza.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Fundi alimnyooshea kidole angoje. Mtoto alikuwa ametulia, mdomo wazi.