Kijiti cha Pua Pale Kenyatta Market

Uvumi ulianzia kibanda cha wigi, na kabla ya chai ya saa nne ulikuwa umezunguka Kenyatta Market yote: eti kile kijiti watu wa afya wanachotia watoto puani msimu huu wa baridi kinachota pumzi, na mtoto aliyechotwa hafiki Krismasi. Nzembi, msusi, alicheka kama wenzake. Lakini neno lilimganda. Akisuka, alilisikia katikati ya vidole.

Ilikuwa Julai, na ukungu haukuondoka hata mchana. Kibandani, kila rasta zilizokwisha kusukwa zilipochovywa kwenye maji moto, mvuke ulipanda na nyuso za wateja zikapotea kwenye kioo. Ndani ya mvuke huo mwanawe Musili, ambaye hajaanza hata kutambaa, alipitishwa mkono kwa mkono kama ilivyo desturi ya wasusi. Aliyemaliza kichwa cha mteja alimpakata hadi mwingine apate nafasi. Leo kwa Emmah, kesho kwa Waceke, ambaye mwenyewe alikuwa ameacha mtoto mchanga nyumbani.

Musili akaanza kukohoa.

Maurine, mhudumu wa afya, alipopita vibandani, alieleza polepole kwamba kijiti kinafuta kamasi tu. Kamasi za hapa na za mitaa mingine ya Nairobi, Muthangari na Parklands, zinapimwa ili ijulikane ni virusi gani vinatembea na vinaelekea wapi, hospitali zijipange mapema.

"Mama Musili, wako anakohoa?"

"Huyu? Ni meno tu, dada," Nzembi akasema, akimvutia leso usoni.

Maurine alipoondoka, Emmah akamtazama. "Siku hizi meno yanakohoa?" Wakacheka wote, na vichwa vikaendelea kusukwa.

Adhuhuri Nzembi alisinzia ameegemea ukuta. Aliona pumzi ya mwanawe ikitoka kama uzi mweupe. Ulimzunguka Emmah shingoni, ukajisuka kwenye nywele za wateja, ukatoka nao barabarani, ukaingia nyumba zenye mapazia mazito ambazo hajawahi kukanyaga. Aliuvuta aurudishe, nao ukazidi kuja, mwepesi, hauna mwisho.

Alizinduliwa na kikohozi cha Emmah. Musili alikuwa kimya. Kifua kilibonyea chini ya mbavu kila alipovuta hewa, na midomo ilikuwa rangi ya majivu.

Hospitalini Parklands walimwekea oksijeni. Kijiti kilipoingia puani, Musili alilia, kilio cha kwanza tangu asubuhi, na Nzembi akaning'inia kwenye kilio hicho kama mtu anayeshikilia kamba.

Maurine alikuja, hakumgombeza. Aliuliza moja tu: "Nani amempakata?"

Nzembi alimtaja Emmah. Jina la Waceke lilikawia kutoka.

Mtoto wa Waceke alikutwa na homa jioni ile, akalazwa kitanda cha pili. Wote wawili walipona. Waceke hajatamka neno baya. Ila siku hizi akimaliza kichwa, anaketi amekunja mikono kifuani, macho ameyakaza kwenye mvuke.

Basi, mama mwenzangu, baridi ikija epuka haya:

Kusema ni meno wakati mtoto anakohoa.
Kupokezana mtoto mwenye mafua, hata na wanaompenda.
Kumfunika uso kwa leso.
Kumkaribia mtoto mchanga ukiwa na kikohozi.
Kumficha mhudumu ukweli.
Kungoja mpaka mbavu zibonyee.