Fomu ya Mtoto wa Saba

Chuoni walimwita Shangazi, na wala hawakumwonea. Darasa zima la mbinu za utafiti wa malezi na elimu ya watoto lilikuwa la vijana wenye mabegi mepesi, halafu katikati yao amekaa mama wa miaka arobaini na tisa, miwani imening'inia kifuani, anaandika kila neno la mhadhiri utadhani karani wa mahakama. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na mbili. Alitaka shahada kabla hajastaafu, basi. Nyumbani wanawe walimtania, "Mama, umemaliza kazi zako za shule?" naye akiwatimua kwa ufagio huku anacheka.

Mhadhiri alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye sauti ya chini isiyoyumba. Siku ya kwanza alimwambia mbele ya wote, "Wewe dada yangu, shida yako ni kwamba unajua sana. Ukiingia kwenye darasa la watu, ualimu wako uache mlangoni. Andika unachokiona. Usiandike unachokidhani."

Shangazi akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa mahiri miaka yote hiyo, akiambiwa aanze upya, huogopa sana kuonekana mshamba. Woga huo ndio uliomponza.

Akapangiwa darasa la awali la shule moja, watoto kumi na wanane, wiki sita, kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni, karibu na rafu ya vibao vya kuchezea, kwenye kiti kidogo kilichomuumiza kiuno, asiseme na mtu. Watoto hawakuwa na majina, walikuwa na namba. Kila dakika mbili aliweka alama: S kwa anayeshirikiana na wenzake, P kwa aliye peke yake, N kwa aliye nje ya shughuli. Pembeni palikuwa na safu ya maelezo, maneno machache tu.

Kabla ya kuanza aliwapitia wazazi na fomu ya ridhaa aliyoichapa mwenyewe. Mama wa Mtoto wa Saba alikuwa fundi cherehani. Aliisoma fomu yote, mguu ukiwa bado juu ya pedali, akatia sahihi, akaomba abaki na nakala.

"Niangalizie mwanangu, mwalimu," alisema. "Siku hizi amekuwa mkaidi huyo! Namwita mpaka koo linaniuma, hata hageuki."

"Usijali, mama. Nitamwangalia."

Na kweli alimwangalia. Mtoto wa Saba alikuwa binti wa miaka mitano, mwembamba, mwenye viatu vilivyomzidi. Wiki ya kwanza: N, N, P, N. Kwenye safu ya maelezo: Anashika sikio la kushoto. Wiki ya pili: Ameitwa, haitiki. Kisha: Anamtazama mwalimu mdomoni. Mwalimu wa darasa, msichana aliyelemewa na kelele za watoto kumi na wanane, alichoka na ukaidi huo akamhamishia dawati la nyuma. Shangazi akaandika: Amehamishwa nyuma. Anashika sikio la kushoto.

Sasa tusidanganyane. Mwanamke huyu alijua. Katika darasa lake mwenyewe angemwita mtoto yule mapajani, akamgeuza kichwa, akanusa sikio, na kabla ya mapumziko mama mtu angekuwa ameshaitwa. Alikwishafanya hivyo kwa watoto wasiopungua kumi. Lakini mwalimu huyo wa ndani yake alikuwa amemwacha mlangoni, kama alivyoagizwa.

Wiki ya tatu roho ilimsuta, akaenda ofisini kwa mhadhiri.

"Kuna mtoto mmoja ananitia wasiwasi."

Mhadhiri hakuinua macho kwenye makaratasi. "Anamtia wasiwasi nani, mtafiti au mwalimu?"

Shangazi akaona haya. "Mwalimu," alisema.

"Basi ndiyo hivyo. Ukishaingilia, huna utafiti tena, una hadithi tu."

Wakacheka wote wawili. Sikio hakulitaja, na mhadhiri hakuuliza. Kicheko kile Shangazi angekuja kukichukia kuliko kitu chochote alichowahi kutoa kinywani mwake.

Wiki ya tano Mtoto wa Saba alianza kulala juu ya dawati, shavu la kushoto chini. N, N, N, N. Wiki ya sita nafasi yake ilikuwa tupu, na Shangazi akaandika: Hayupo.

Ripoti yake ilishika nafasi ya kwanza. Mhadhiri aliwaonyesha wote majedwali yake, akasema huo ndio uchunguzi makini, na vijana wakapiga makofi: "Shangazi juu!" Alirudi nyumbani anatembea kama msichana.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, bawabu wa chuo alimjulisha kwamba ana mgeni. Mama fundi alikuwa amesimama kwenye korido, amemshika binti yake mkono. Mtoto alikuwa na pamba masikioni. Hakukuwa na salamu.

"Daktari anasema sikio la kulia lilikufa zamani, labda na ile homa ya utotoni," mama alisema. "Hatukujua. Alikuwa anasikia kwa la kushoto peke yake. Sasa na hilo usaha umelimaliza. Anasema ningemleta miezi miwili nyuma, ni matone tu na vidonge."

Shangazi alizitazama zile pamba.

Mama akatoa kwenye pochi ile nakala ya fomu, imekunjwa mara nne, ikiwa bado na uzi ulioinasia. Akasoma taratibu, kidole chini ya mstari. "Kifungu cha tisa. Mtafiti akiona dalili yoyote ya maumivu kwa mtoto, atamjulisha mzazi siku hiyo hiyo." Akainua macho. "Hii uliandika wewe?"

"Mimi." Alikuwa amekinakili kutoka fomu ya mtu mwingine, kwa sababu bila kifungu hicho kamati ya maadili ya chuo isingepitisha kazi yake. Tangu siku hiyo hakukikumbuka tena.

"Sasa niambie. Ulimwona akishika sikio?"

"Nilimwona."

"Mara ngapi?"

Angeweza kusema hakumbuki. Lakini idadi ilikuwa kwenye jedwali la tatu, aliihesabu mwenyewe mara mbili ili asikosee.

"Arobaini na moja."

Mama alitikisa kichwa polepole, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Mimi nilikuwa namchapa," alisema. "Kila jioni. Namwita haitiki, namchapa. Na wewe siku hizo zote umekaa pale unahesabu."

Akaikunja fomu, akamshika mtoto, wakaondoka. Shangazi aliegemea ukuta. Walipofika karibu na mlango mkubwa alimwita binti yule kwa jina lake, kwa mara ya kwanza, kwa nguvu zote, mpaka wanafunzi wakatoka madarasani kutazama. Mama aligeuka. Mtoto aliendelea kutembea, akiangalia viatu vyake.

Na kichwani mwa Shangazi, bila yeye kutaka, maneno yakajipanga yenyewe kwenye safu: Saa nne na dakika kumi na mbili. Ameitwa. Haitiki.