Mwendo wa Kaseti

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004, redio ya Kaluki ilikuwa imefunguliwa mgongo juu ya meza ya Jeylani, fundi wa Kitengela, na kaseti ilikuwa ikizunguka ndani yake. Kaluki alisimama upande wa pili wa meza. Binti yake Kaveke, wa miaka saba, alikuwa amekalia debe.

"Sasa shida iko wapi?" Jeylani aliuliza. "Mbona inaimba vizuri tu?"

"Inaimba haraka. Bwanangu hakuwa na sauti hiyo."

"Baba anaimba kama kifaranga," Kaveke akasema.

"Kaveke!"

"Si wewe ulicheka pia?"

Kaseti ilikuwa na nyimbo sita na jina "Barabara ya Namanga". Bendi ilikuwa ya watu watano. Muteti, mume wa Kaluki, alipiga zeze la uzi mmoja. Chini ya ngozi ya zeze alikuwa amefunga sumaku na koili kutoka kwenye simu mbovu ya mezani, waya ukaingia kwenye ampilifaya, na sauti ikatokea kwenye spika ya mdomo mpana kama zile za mahubiri ya sokoni. Ngoma na njuga nazo zilifungiwa sumaku na koili zao. Walirekodi Oktoba 1996 katika darasa tupu la shule moja ya msingi karibu na mji wa Kajiado, mahali ambapo umeme ulikuwa haujafika. Betri ya lori waliipa ampilifaya. Kinasa sauti kilipata betri ndogo ambazo Muteti alikuwa amezianika juu ya bati siku mbili ili zipate nguvu tena, kama walivyofanya watu wengi nyumbani. Hazikupata za kutosha. Kinasa kilivuta utepe polepole, kwa hiyo kila redio iliyoucheza baadaye kwa mwendo wake wa kawaida iliuharakisha.

Nakala mia tatu zilisambazwa. Wachezaji wa ngoma waliupenda mwendo ule. Muteti alicheka, akasema watarudia wakipata betri mpya. Alifariki Machi 1998, na hawakuwa wamerudia.

Kaluki alikuwa amemwambia mtoto mara nyingi kwamba baba yake alikuwa na sauti nzito. Mwaka huo wa 2004 aligundua kwamba hawezi tena kuisikia kichwani. Kila alipoitafuta, ilikuja ile ya kaseti. Hilo ndilo lililomleta kwa fundi.

Nyuma ya mota ya redio kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Jeylani aliizungusha kidogo kidogo. Zeze likashuka, na Muteti akashuka nalo.

"Hapo," Kaluki alisema. "Hapo hapo. Ni yeye."

Jeylani aliweka alama kwa kalamu, akarudisha skrubu ilipokuwa, akaanza upya.

"Hapo," Kaluki akasema tena.

Fundi aliweka alama ya pili, akainama kutazama. "Mama Kaveke, usikasirike. Mara ya kwanza ulinisimamisha huku. Sasa umenipeleka chini zaidi. Nikianza mara ya tatu utanifikisha kwa sauti ya ng'ombe."

Kaluki aliinama pia. Aliziona alama zote mbili.

"Mimi sikumjua mzee," Jeylani aliendelea kwa upole. "Na zeze mtu anakaza uzi vile anataka. Ndani ya hiyo kaseti kuna kitu gani ambacho hakikazwi wala hakilegezwi?"

Kaluki alifikiri. "Kengele," akasema. "Wimbo wa nne ukiisha, kengele ya shule inalia. Walikuwa wamesahau saa ya mapumziko. Halafu yeye anasema kitu."

"Kengele gani?"

"Rimu ya gurudumu la lori. Imetundikwa kwa mti."

Jeylani alikuwa akipeleka mzigo dukani kwa dada yake Fosiya, Kajiado, kila Jumamosi. Aliwapakia kwenye pikapu pamoja na redio.

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Langoni walimkuta Simel, mlinzi, amevaa koti la mvua kwenye jua.

"Sopa," Jeylani alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Mmeleta redio kusoma darasa la ngapi?"

Walimweleza. Kaluki alitaka kujua kwanza kama rimu ni ileile.

"Niko hapa tangu tisini na moja," Simel alisema. "Waya ya kutundika nimebadilisha mara mbili. Rimu, hapana. Nani ataiba rimu imepasuka?"

Waliweka redio juu ya jiwe, hatua tano kutoka kwenye mti. Jeylani alitafuta mwisho wa wimbo wa nne. Simel akagonga rimu kwa nondo. Kengele ya kaseti ililia juu mno. Fundi alishusha, akarudisha utepe, Simel akagonga. Walifanya hivyo mara tisa. Mara ya tisa mlio wa redio na mlio wa mti ulikuwa mmoja, hata Kaveke akageuka kutazama ni upi ulioanza.

Kisha Muteti akasema, ndani ya redio: "Endeleeni tu, hata sisi tulisoma."

Watu wakacheka kwenye kaseti. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa kawaida, ya kati, yenye mkwaruzo kidogo. Haikuwa nzito. Skrubu ilikuwa imesimama kabla ya kufika hata alama ya kwanza ya Kaluki.

"Si hiyo," Kaluki alisema. "Gonga tena."

Simel aligonga. Mlio ulikuwa mmoja.

"Tena."

Ulikuwa mmoja.

"Nilimwongezea uzito," Kaluki alisema. Alikaa chini kando ya jiwe. "Rudisha. Hapo anaposema."

Alisikiliza maneno yale matano mara sita, akitikisa midomo pamoja nayo. Kaveke alikuja akaketi karibu naye.

"Hiyo ndiyo yake?"

"Hiyo ndiyo yake. Mimi ndiye nilikosea."

"Nikiacha hapa," Jeylani alimwonya, "kaseti zingine zote zitaimba kama zimelewa."

"Redio hii haitacheza nyingine."

Jeylani alitoa chupa ya rangi ya kucha mfukoni, akaziba tundu la skrubu kwa tone moja ili isisogee tena, akalipuliza likakauka.