Antena Iliyopakwa Rangi

Ndiyo, antena niliipaka rangi mimi. Kisiwani kwetu chuma hakiachwi uchi, chumvi hukitafuna huku unakiangalia. Nimepaka bawaba, nimepaka baiskeli, nimepaka hata miguu ya cherehani inayonilisha. Kampuni ilipofunga antena ya intaneti ya wote juu ya paa langu, nayo baada ya miezi michache nikaipiga mikono miwili ya rangi ya fedha, pamoja na kifuniko chake cha plastiki. Ikapendeza kweli. Kesho yake kisiwa kizima kikakosa mtandao.

Wengine walikosa mpira na umbea. Binti yangu alikosa watu. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na hapa wa kuongea naye kwa mikono ni mimi tu, tena kwa kubabaisha. Mtandao ulipokuja akapata darasa la viziwi wenzake kwenye video. Ndipo nikamwona akibishana, akitania, akicheka hadi machozi. Kumbe alikuwa na maneno yote yale! Niliona wivu, nisiseme uongo, lakini furaha ilizidi.

Fundi wa kampuni alikuja na mkoba wa spana, akapanda paani, akakwangua kwa ukucha, akacheka.

"Mama, rangi hii ina unga wa madini. Mawimbi hayapiti."

"Basi ikwangue."

"Sikutumwa kukwangua. Ofisini wamesema mmeharibu kifaa, na watu wenyewe huku ni wachache. Naing'oa."

Nikamweleza binti yangu kwa mikono. Aliishika ngazi, akailaza kando ya ukuta, akaikalia.

"We dada! Rudisha ngazi!"

Fundi alipayuka hadi majirani wakatoka. Binti yangu alikuwa amempa mgongo, hana habari.

"Mama, mwambie basi!"

"Mwambie mwenyewe. Kwa mikono."

Nikamrushia msasa. Alinuna, akanung'unika, mwisho akaanza kusugua. Jua lilikuwa kali, nikampandishia maji kwa kamba, maana roho mbaya sina. Majirani walikaa kivulini wakimsimamia kazi.

"Hapo kwenye kona bado, fundi!"

Simu ya binti yangu ikatikisika mfukoni. Aliifungua, nyuso za wenzake wa darasa zikajaa kwenye kioo, mikono ikaanza kwenda mbio. Nililia mbele za watu na sikujali.

"Haya, imeshika," fundi akasema kutoka juu. "Lakini nimetumwa kuing'oa, mama. Nitafanyaje?"

Nikatafsiri. Binti yangu akasimama, akainyanyua simu juu kabisa, kioo kikimtazama fundi. Kwa mkono wa pili akaniambia neno, nami nikalipaza.

"Anasema uwaeleze hao wewe mwenyewe kwamba ni wachache."

Fundi alichuchumaa ukingoni mwa paa. Nyuso zilikuwa zinamsubiri. Mmoja akampungia mkono, naye, bila kujua afanye nini, akapunga pia.

Akarudisha spana mkobani. Binti yangu ndiye aliyemsimamishia ngazi.